Kujengwa Upya kwa Jumba la Globe la London

Mtu aliyepata kuhariri utenzi wa kale kutoka katika hati za Kiarabu ajua shida moja isiyoepukika. Ubeti umeliwa na mchwa, au mwandishi wa nakala ameruka kipande, na maneno yaliyobaki hayatoshi kukamilisha mizani. Mhariri mwaminifu huliacha pengo lionekane, au hulijaza kwa kukisia na kutia mabano, ili msomaji ajue kwamba hapo asemaye ni mhariri, wala si mtunzi. Mabano ni alama ndogo, lakini ndiyo yatengayo kazi ya elimu na kazi ya kubuni.

Makala haya yahusu kazi ya namna hiyo iliyofanywa kwa mialoni, matete na chokaa badala ya wino. Jumba la michezo liitwalo Globe, alilolitungia William Shakespeare baadhi ya michezo yake mikubwa, liliteketea mwaka wa 1613, likajengwa tena, likafungwa mwaka wa 1642, na kisha likatoweka kabisa. Mwaka wa 1997 jumba jingine lenye jina hilo hilo lilifunguliwa karibu na mahali pale pale, kando ya mto Thames, baada ya miaka mingi ya utafiti na mabishano. Wataalamu walioliongoza jambo hilo walifanya kama wafanyavyo wahariri: walikusanya nakala, wakazilinganisha, wakajaza mapengo. Lakini seremala hana mabano. Nguzo aliyoikisia husimama imara sawasawa na nguzo yenye ushahidi, na mtazamaji hawezi kuzitofautisha. Nataka kuonyesha jinsi tatizo hilo lilivyotokea, na jinsi lilivyotatuliwa kwa sehemu tu.

Jumba la asili

Kwanza hatuna budi kukumbuka kwamba Globe ya Shakespeare yenyewe ilikuwa jengo lililojengwa upya. Mwaka wa 1576 James Burbage, aliyekuwa seremala kabla ya kuwa mwigizaji, alijenga jumba la michezo huko Shoreditch, nje ya mipaka ya mji wa London, akaliita The Theatre. Kiwanja hakikuwa chake. Alikikodi kwa Giles Allen kwa muda wa miaka 21. Muda huo ulipokwisha mwaka wa 1597, Burbage alikuwa amekwisha kufa, na mwenye kiwanja hakupatana na warithi. Allen alidai kwamba jengo limekuwa lake pamoja na ardhi. Wana wawili wa marehemu, Cuthbert na Richard, walishikilia kwamba mkataba uliwapa haki ya kuliondoa.

Mwishoni mwa Desemba 1598, Allen akiwa hayupo mjini, ndugu hao walikwenda Shoreditch pamoja na fundi seremala Peter Street na vibarua wake, wakalivunja jumba, na mbao zake zikavushwa mto hata mtaa wa Southwark. Mwaka wa 1599 zikasimamishwa tena kuwa Globe. Habari hii si kisa cha kuchekesha tu. Boriti za nyumba ya namna ile huchongwa na kuunganishwa chini kwanza. Ulimi wa boriti moja huingizwa katika tundu la nyingine, kila kiungo hutiwa alama yake, kisha ndipo nyumba huinuliwa. Fundi aliyezihamisha mbao hizo alikuwa na sababu kubwa ya kuziunganisha tena kwa vipimo vile vile. Kwa hiyo atakaye kuijua Globe yampasa kuijua The Theatre pia. Tutaona kwamba jambo hilo limeleta matata yasiyotazamiwa.

Tarehe 21 Septemba 1599 msafiri wa Uswisi, Thomas Platter wa Basel, alivuka mto baada ya chakula cha mchana akautazama mchezo wa Julius Caesar katika nyumba iliyoezekwa kwa nyasi. Wataalamu wengi wakubali kwamba nyumba hiyo ilikuwa Globe. Paa lile la nyasi ndilo lililoleta msiba. Tarehe 29 Juni 1613, mchezo wa Mfalme Henry wa Nane ulipokuwa ukichezwa, mizinga ilipigwa ili kumkaribisha mfalme jukwaani, na cheche zikaangukia nyasi. Watu walikuwa wakitazama mchezo, hawakujali moshi. Baada ya muda mfupi nyumba yote ikawa majivu. Sir Henry Wotton aliandika katika barua kwamba suruali ya mtu mmoja ilishika moto, akauzima kwa chupa ya bia. Mwandishi mwingine wa barua, John Chamberlain, alistaajabu kwamba watu wachache sana waliumia, hali nyumba ilikuwa na milango miwili tu, tena myembamba.

Globe ya pili ilijengwa mwaka wa 1614 juu ya msingi wa kwanza, ikaezekwa kwa vigae. Mwaka wa 1642, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku michezo. Jumba likavunjwa baadaye, na nyumba za kupangisha zikajengwa mahali pake.

Ushahidi uliobaki

Hakuna mchoro wa fundi wala hesabu za ujenzi wa Globe zilizotufikia. Ushahidi uliopo ni wa pembeni, na kila kipande kina kasoro yake.

Cha kwanza ni picha za mji. Wenceslaus Hollar, mchoraji kutoka Bohemia, alichora London akiwa juu ya mnara wa kanisa huko Southwark, na mwaka wa 1647 picha yake ndefu ya mji ikachapwa. Michoro yake ya kwanza ya kalamu ni ya usahihi mkubwa, na mtaalamu John Orrell aliipima akapata upana wa Globe uliozidi kidogo futi 100. Lakini jengo alilolichora Hollar ni Globe ya pili. Tena katika picha iliyochapwa majina ya majumba mawili yamebadilishana, hata Globe ikaitwa nyumba ya kupigania dubu, na nyumba ya dubu ikaitwa Globe. Kosa hilo laonyesha kwamba hata shahidi mwaminifu aweza kuharibiwa na mkono wa mchapaji.

Cha pili ni mchoro wa jumba jirani lililoitwa Swan. Johannes de Witt, Mholanzi aliyelizuru London yapata mwaka wa 1596, alichora ndani ya jumba hilo na kuandika kwamba laweza kuingiza watu 3,000, na kwamba nguzo zake za mti zimepakwa rangi kwa ustadi hata zaonekana kama marimari. Mchoro wake umepotea. Tulicho nacho ni nakala ya rafiki yake, Aernout van Buchel, iliyogunduliwa Utrecht mwaka wa 1888. Hii ndiyo picha pekee ya ndani ya jumba la wazi la michezo la wakati ule, nayo ni nakala iliyochorwa na mtu ambaye hakuchora kwa kulitazama jumba lenyewe. Wahariri wa hati zetu wataitambua hali hiyo mara moja.

Cha tatu ni mkataba. Mwezi wa Januari 1600 Philip Henslowe na Edward Alleyn waliandikiana na Peter Street, fundi yule yule aliyejenga Globe, awajengee jumba la Fortune kwa paundi 440. Mkataba waeleza kwamba Fortune itakuwa ya mraba, futi 80 kila upande kwa nje na futi 55 kwa ndani, na jukwaa la upana wa futi 43 litakalofika katikati ya uwanja. Roshani zitakuwa tatu, moja juu ya nyingine, zenye kimo cha futi 12, 11 na 9. Lakini kila ilipofika sehemu ambayo leo tungependa sana kuijua, mkataba hunyamaza na kusema tu kwamba ifanywe kama ilivyo Globe, au kama ilivyoonyeshwa katika ramani iliyoambatanishwa. Ramani hiyo haikuhifadhiwa. Waandishi hawakuwa na sababu ya kueleza zaidi: Globe ilikuwa imesimama, na kila mtu aliweza kwenda kuitazama. Vitu vilivyojulikana na wote ndivyo vipoteavyo kwanza, kwa maana hakuna aonaye haja ya kuviandika.

Cha nne kilitoka ardhini. Mwaka wa 1989 wachunguzi wa mambo ya kale walifukua misingi ya jumba la Rose, lililojengwa mwaka wa 1587, na katika mwaka huo huo wakafikia sehemu ndogo ya msingi wa Globe yenyewe, kiasi cha sehemu 5 tu katika kila 100. Sehemu nyingine yaaminiwa kuwa chini ya Anchor Terrace, safu ya nyumba za karne ya 19 zilizolindwa kwa sheria, na kwa sababu hiyo haikuruhusiwa kuchimba zaidi. Kwa hiyo masalio ya zama moja yalikaa juu ya masalio ya zama nyingine, na sheria ikayalinda yote mawili kwa kuyaacha yalipo.

Mtu aliyelitaka jumba

Majaribio ya kuiga Globe yalikuwako kabla. Mwaka wa 1912 mfano wake ulisimamishwa katika maonyesho ya Earl's Court, London, na mwaka wa 1934 mfano mwingine, mdogo kuliko wa asili, ulijengwa katika maonyesho makubwa ya Chicago. Hayo yalikuwa mapambo ya msimu, yakabomolewa.

Sam Wanamaker, mwigizaji aliyezaliwa Chicago mwaka wa 1919, alicheza ujanani katika mmojawapo wa mifano hiyo huko Cleveland. Alipofika London mwaka wa 1949 aliitafuta Globe, akakuta kibao cha shaba tu ukutani mwa kiwanda cha bia. Mwaka wa 1970 aliunda shirika la kulijenga jumba hilo upya, na muda wa miaka ishirini na mitatu iliyobaki ya maisha yake aliutumia katika kutafuta fedha, kiwanja na kibali. Mtaa wa Southwark wakati ule ulikuwa wa wafanya kazi wa bandari na maghala yaliyokuwa yakifungwa, na baraza la mtaa lilitaka kukitumia kiwanja kwa shughuli zake za kusafisha barabara na kuona kwamba wakazi wahitaji nyumba kuliko michezo. Shauri likafika mahakamani, likamalizika kwa upande wa jumba mwaka wa 1986.

Pingamizi lile halikuwa upuzi. Wale walioupinga mpango walikuwa wakiuliza swali ambalo kila kazi ya kuhifadhi mambo ya kale yapaswa kulijibu: nani atafaidika? Wanamaker alijibu kwamba jumba halitakuwa sanamu ya kutazamwa na wageni, litachezewa kila mwaka, na watu watasimama uwanjani kwa bei ndogo kama walivyosimama wale wa kale kwa peni moja. Ahadi hiyo ya pili ilitimizwa: tangu 1997, na kwa miaka mingi baadaye, nafasi ya kusimama iliuzwa kwa paundi 5. Wanamaker mwenyewe hakuiona siku hiyo; alikufa Desemba 1993, nyumba ikiwa haijakamilika, na mchoraji wake wa majengo, Theo Crosby, alimfuata mwaka wa 1994.

Pale ushahidi ulipokoma

Kazi ya mbao ilikabidhiwa Peter McCurdy, fundi aliyezifahamu nyumba za mialoni za karne ya 16 zilizosalia Uingereza. Mialoni ilitumiwa ikiwa mibichi, viungo vikafungwa kwa vigingi vya mti, kuta zikakandikwa kwa chokaa iliyochanganywa na manyoya ya mbuzi, na paa likaezekwa kwa matete kutoka Norfolk. Tangu Moto Mkuu wa mwaka wa 1666 hakuna jengo la London lililokuwa limeruhusiwa kuezekwa hivyo. Katika mambo haya elimu ilikuwa juu ya mwamba, maana nyumba nyingine za zama zile zimesimama na zaweza kupimwa.

Lakini umbo na ukubwa wa jumba vilikuwa jambo jingine. Michoro ya kwanza ya Crosby na Orrell ilikuwa na pande 24. Ufukuzi wa mwaka wa 1989 ulionyesha pembe za kipande cha msingi, na kutokana na pembe hizo hesabu ikabadilishwa kuwa pande 20. Upana haukukubaliwa na wote: wengine waliona futi 99 au 100, wengine futi 90. Mwaka wa 1992 wataalamu walikutana London wakajadiliana, kisha wakapiga kura, na wengi wakachagua upana mkubwa.

Tukio hilo lastahili kufikiriwa. Kura ni njia nzuri ya kuamua litakalotendwa. Haiwezi kuamua lililokuwako. Katika jarida au kitabu, wale walioshindwa wangeandika maoni yao kando ya maoni ya wengi, na msomaji wa miaka mia ijayo angeyakuta yote mawili. Katika jengo, maoni ya walioshindwa hayana mahali. Boriti zilikatwa kwa futi 100, na tangu siku ile futi 100 zikawa jambo la kuonekana kwa macho.

Elimu nayo haikungoja. Kitabu cha taarifa za ufukuzi kilichotolewa mwaka wa 2009 kilipendekeza Globe iliyo ndogo zaidi, yenye pande 16 na upana wa futi zipatazo 85. Kabla yake, mwaka wa 2008, misingi ya The Theatre ilikuwa imepatikana Shoreditch, na ilielekea kuwa ya jumba dogo kuliko lilivyodhaniwa. Kama ni kweli kwamba mbao zile zile ndizo zilizovushwa mto na kuunganishwa kwa vipimo vile vile, Globe nayo yafaa kupunguzwa. Kisha mwaka wa 2016 misingi ya jumba la Curtain, walimochezea wenziwe Shakespeare kabla ya Globe kujengwa, ilidhihirisha jengo la pembe nne, ingawa watu wengi walikuwa wamelichukua kuwa la mviringo kama mengine. Hakuna hata moja katika habari hizi liwezalo kubadilisha jumba lililokwisha kusimama kando ya Thames.

Kuna sehemu moja, hata hivyo, ambayo ilifanyiwa marekebisho, nayo ni jukwaa. Nguzo mbili kubwa zilitakiwa kulibeba paa lake, na hakuna ushahidi uonyeshao mahali pake hasa. Badala ya kuzisimamisha mara moja kwa mialoni, mwaka wa 1995 lilijengwa jukwaa la muda, na waigizaji wakalijaribu mbele ya watu. Walilalamika kwamba nguzo zawafunika wasionekane na zawabana wakitembea. Wataalamu walijibu kwamba starehe ya mwigizaji wa leo si ushahidi wa karne ya 16. Baada ya mabishano marefu nguzo zikahamishwa. Wengine waliona huko ni kuisaliti historia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu iliyofanywa kwa njia ya elimu kuliko zote, maana dhana iliwekwa mahali pa kujaribiwa kabla ya kufanywa ya kudumu, na sababu za kuibadilisha zikaandikwa.

Watazamaji wa leo

Kuna mambo ambayo wajenzi waliyakataa kwa kujua. Milango miwili myembamba ya Chamberlain haikurudishwa. Sheria za leo za moto zilitaka njia nyingi za kutokea, ngazi pana na mabomba ya maji juu ya paa. Idadi ya watu ilipunguzwa: De Witt ametaja 3,000 katika jumba la Swan, hali Globe ya sasa huingiza nusu yake tu, maana miili ya watu imekuwa mikubwa na hawakubali tena kubanana. Watu kama 700 husimama uwanjani, wengine huketi roshanini. Michezo huchezwa hata usiku, na taa kubwa humulika jukwaa na watazamaji pamoja ili kuiga nuru ya alasiri ambayo wazee walichezea.

Nuru hiyo ya pamoja ndiyo iliyozusha mgogoro mkubwa. Mkurugenzi wa kwanza wa michezo, Mark Rylance, na wa pili, Dominic Dromgoole, walishika desturi ya kutotia taa za kuongoza macho wala vipaza sauti. Emma Rice alipopewa kazi hiyo mwaka wa 2016 alileta taa na mitambo ya sauti, na Oktoba mwaka huo huo baraza la wakurugenzi lilitangaza kwamba ataondoka mwaka wa 2018 na kwamba nuru ya pamoja itarudishwa. Waliomtetea walisema kwamba Shakespeare mwenyewe alitumia kila chombo kipya alichokipata, na kwamba kuyafungia maneno yake ndani ya vifaa vya 1599 ni kuyafanya mateka. Waliompinga walisema kwamba mji wa London una majumba mengi ya taa, lakini jumba moja tu ambamo swali la jinsi michezo ilivyosikilizwa bila taa laweza kuulizwa. Likizimwa hapo, halina pengine pa kuulizwa.

Wote wawili walikuwa na haki, lakini hoja ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi ya watu wa lugha. Tusomapo mchezo wa wakati ule kitabuni, twakuta mwigizaji akisema peke yake kwa mistari mingi, na kwa kuzoea michezo ya ndani ya nyumba zenye giza twachukua kwamba anajisemea moyoni. Mahali ambapo mwigizaji aziona nyuso za watu 700 waliosimama hatua chache mbele yake, maneno yale yale huwa maswali na kesi inayoletwa mbele ya baraza. Kiulizi hubadilika uzito. Kiwakilishi cha nafsi ya pili hupata mtu wa kumwelekea. Huo ni ushahidi wa maana ya maneno, nao hautegemei kama upana ni futi 100 au futi 85. Wategemea mambo matatu tu ambayo mashahidi wote wa kale wayakubali: uwanja wa wazi, watu wasimamao kulizunguka jukwaa, na nuru moja kwa wote.

Kiswahili ndani ya Globe

Wasomaji wetu wana sababu yao wenyewe ya kulifikiria jambo hili. Mchezo ule alioutazama Platter mwaka wa 1599 ndio aliouchagua Julius Nyerere, akautolea tafsiri ya Kiswahili mwaka wa 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa tena mwaka wa 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo alitoa Mabepari wa Venisi, na S. S. Mushi alitoa Makbeth mwaka wa 1968 na Tufani mwaka wa 1969. Nyerere alikabiliwa na uchaguzi kama wa Crosby na Orrell. Ushairi wetu wa kimapokeo wataka vina na mizani. Mistari ya Shakespeare katika mchezo ule haina vina. Kutia vina kungalimkaribisha msikilizaji na kuuondoa umbo wa asili. Kuviacha kungalishika umbo na kumtaka msikilizaji ajifunze kusikia jambo geni. Nyerere aliviacha. Alikuwa na neema moja wasiyoipata maseremala: baada ya miaka sita aliweza kuirudia kazi yake na kuitengeneza.

Mwaka wa 2012 jumba jipya la Globe lilialika michezo 37 katika lugha 37, na kundi kutoka Kenya likacheza kwa Kiswahili mchezo wa wake wenye furaha wa Windsor. Wasiojua Kiswahili waliandikiwa muhtasari wa kila onyesho tu, wala si tafsiri ya kila sentensi. Iliwabidi kufuata mengine kwa sauti, mwendo na nyuso, jambo linalowezekana pale mtu amwonapo mwigizaji na watazamaji wenzake katika nuru moja. Jumba lililojengwa ili kuurudisha usikivu wa Waingereza wa 1599 likafaa kwa lugha ambayo mafundi wake wa kwanza hawakuwa na habari nayo.

Kanuni ya kufuata

Katika mambo haya yote napenda kutoa shauri moja kwa wale watakaojenga upya jumba lolote la kale, na kwa wale watakaolitumia kama ushahidi. Hatari kubwa ya jumba kama Globe ni hoja ya mduara. Mtaalamu hukisia kwamba nguzo zilikuwa hapa. Seremala huziweka hapa. Mwigizaji hujifunza kuzizunguka. Mwanafunzi humwona mwigizaji akaandika kwamba Shakespeare aliwatungia waigizaji wazungukao nguzo mahali hapa. Na mtaalamu mwingine humnukuu mwanafunzi kuwa ni uthibitisho wa nguzo. Hakuna aliyesema uongo, lakini dhana imezaa ukweli bila ya ushahidi kuongezeka hata chembe.

Dawa yake ni kuandika mabano yale ambayo mbao haziwezi kuyabeba. Kila jumba la namna hii lapasa kuwa na daftari lililo wazi kwa wote, ambamo kila sehemu imeorodheshwa pamoja na daraja lake: iliyothibitishwa na masalio au hati za jumba lenyewe, iliyochukuliwa kutoka kwa majumba mengine ya wakati ule, iliyokisiwa, na iliyobadilishwa kwa ajili ya sheria au watazamaji wa leo. Maoni ya walioshindwa katika kura yaandikwe pia, pamoja na sababu zao. Ufukuzi mpya ukitokea, daftari lisahihishwe ndani ya mwaka ule ule, hata kama jengo halitaguswa. Na kila mara sehemu ya mti inapooza na kuhitaji kubadilishwa, kama nyasi za paa zinavyohitaji baada ya miaka kadhaa, daftari litazamwe kwanza, ili ibadilishwe kwa kufuata elimu ya wakati huo badala ya kurudia kipimo cha zamani kwa mazoea. Mialoni hudumu karne nyingi, lakini haidumu milele. Nafasi ya kusahihisha itakuja, na atakayeipata atahitaji kujua ni boriti zipi zilizowekwa kwa ushahidi na ni zipi zilizowekwa kwa kura.